Kioo Hakimjui Bi Mize

Kibanda changu kipo Jadida, hapa Wete:
futi sita kwa nane, feni moja, wembe wa kubandulia vioo,
na wateja ambao simu zao zimepona zamani
ila wao hawaondoki.

Jumatatu Faki alituonesha kitu.
Kidude cheusi kama nyigu, kinaenea kiganjani.
Vinarushwa mia mbili kwa mpigo
na hakuna mtu aliyeshika usukani.
Kinatafuta chenyewe. Kinachagua chenyewe.
Kikishamjua mtu wake humwendea usoni,
na kishindo chake hakizidi cha kiberiti.

"Haki ya Mungu, hii ndiyo kazi!" alisema Faki.
"Hakuna tena kupiga bomu mtaa mzima.
Anakufa anayetakiwa,
jirani yake anaendelea na chai."

Khatibu, anayesomesha hesabu skuli ya Utaani,
alivua miwani.
"Anatakiwa na nani?"

Kikazuka kizaazaa.
Shaame wa bodaboda akataka kujua bei.
Mwengine akasema hayo ni ya wakubwa na wakubwa wenzao,
sisi hapa hata taa ya bandarini imezimika tangu Mfunguo Mosi.
Kijana wa duka la jirani akapachika uso wa shemeji yake
kwenye picha ya nyigu, akaituma,
watu wakacheka,
na mimi nilicheka.

Kisha Khatibu akasema lile lililonikaa kooni mpaka leo.
Amali ni kwa nia, tumefundishwa chuoni tungali na makamasi,
na chuma hakina nia.
Basi dhambi ile ataibeba nani?
Aliyekiunda atasema, mimi niliuza.
Aliyekinunua atasema, mimi niliamrisha tu kirushwe.
Aliyekirusha atasema, nyigu ndiye aliyechagua.
Na nyigu haulizwi kaburini.

Hapo Bi Mize akasogeza mkoba wake.
Alikuwa kibarazani tangu saa tatu, ametoka Shumba,
simu yake imekataa kufunguka kwa kidole.
Miaka ishirini na sita anagonga mawe,
kokoto za nyumba za watu, debe baada ya debe.
Vidole vyake vimelainika
kama kipande cha sabuni kilichokwisha.

"Mie," alisema, "nilikwenda kutafuta kitambulisho.
Nikaweka kidole kwenye kioo. Kikakataa.
Nikaweka cha pili. Kikakataa.
Vyote kumi, wanangu, na yule kijana ananambia pangusa,
nikapangusa kwa kanga, kwa mate, kwa ndimu.
Mashine ikasema hapana ntu.
Nimesimama pale mzima, nimezaa saba,
nayo inasema hapana ntu."

Akamtazama Faki, bila ya ukali.
"Sasa hiyo yako, ikikosea,
lipo dirisha la kurudi kesho?"

Feni ilizunguka.
Shaame akajaribu utani: "Basi wewe umesalimika, bibi,
ikija itakupita."
Bi Mize alicheka kuliko sote, mpaka akajifuta macho.
"Itanipita? Au itaniona jiwe,
halafu iulize nani kajificha nyuma yake?"

Faki alizima simu. Hakusema kwamba ameshindwa,
na magharibi nilimuona nyuma ya duka la mikate
anaitazama tena, peke yake, sauti ameifunga.

Mimi nilifanya kazi yangu.
Niliondoa kidole, nikamwambia achague namba nne.
Alifikiri muda mrefu,
akachagua mwaka ambao sitouandika hapa.
Elfu mbili; alinipa elfu na mia tano,
nyengine Ijumaa.

Alizibonyeza mwenyewe, moja moja, kama anayepanga mayai.
Kioo kikawaka.
"Imenijua?" aliniuliza.
"Hapana, Bi Mize.
Imezijua namba."